Galaxy Watch4 ya mtumba, Apple Watch Series 3 au Smart Band 9: ipi nichukue kwa laki tatu?

Mkwakwani
Wakuu, habari za jioni. Nina laki tatu, nataka saa janja kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeoneshwa tatu: Galaxy Watch4 ya mtumba kwa laki mbili na themanini, Apple Watch Series 3 ya mtumba kwa laki mbili na nusu, na Xiaomi Smart Band 9 mpya kwenye boksi, ambayo bei yake iko chini kabisa. Nataka inayopima presha na inayokaa na chaji. Mnanishauri ipi?

Pwani_Tech
Mkuu, umetaja saa tatu hujataja simu. Apple Watch haiongei na Android kabisa, hata kuianzisha mara ya kwanza kunataka iPhone. Galaxy kuanzia Watch4 nazo hazikubali iPhone. Band 9 ndiyo inayokubali pande zote mbili. Unatumia simu gani? Na saa ni ya kazi gani: mazoezi, ofisini, au kuonekana tu?

FundiSaa
Na mimi nauliza: hizo mbili za mtumba umeziona zikiwaka mpaka kwenye uso wa saa, au umeoneshwa nembo tu?

Series 3 zinazozunguka mjini zina ugonjwa unaojulikana. Mnunuzi anaambiwa haina shida, ni chaji tu. Anafika nyumbani, anaazima iPhone, anaanza kuunganisha, saa inazungusha duara dakika kadhaa, halafu inadai Apple ID na nenosiri la mtu asiyemjua. Hiyo ni kufuli ya mmiliki wa kwanza. Kuifuta saa yote hakusaidii, kwa sababu kufuli haikai ndani ya saa, inakaa kwenye seva za Apple. Wa kuiondoa ni mwenye akaunti ile, au Apple wenyewe ukiwa na uthibitisho wa ununuzi wa kwanza, na anayekuambia ataitoa kwa elfu thelathini anachukua elfu thelathini yako tu. Aliyeuza naye hapokei simu tena.

Tuseme haina kufuli. Hiyo ni saa iliyotoka 2017. Betri ya ile ya milimita 38 ni 262 mAh kwa toleo la GPS, lile lisilo na laini ya simu, na ikizeeka inavimba na kuinua kioo upande mmoja. Pitisha ukucha pembeni ya kioo: ukihisi mwanya, weka chini. Kuifungua ni kupasha kioo joto taratibu na kuingiza wembe kwenye gundi, lakini chini ya kioo umezunguka utepe mwembamba wa sensa inayotambua ukibonyeza kwa nguvu. Wembe ukizama kidogo zaidi utepe unapasuka, na kule kubonyeza kunakufa. Ukifunga kwa gundi mpya, usiipeleke tena kwenye maji kama ilivyotoka kiwandani. Apdeti zake nazo ziliishia watchOS 8 (mfumo wa saa za Apple), na toleo la GPS lina hifadhi ya GB 8 tu, kwa hiyo hata apdeti za zamani mara nyingi zinagoma kwa kukosa nafasi mpaka uitenganishe na simu na kuianza upya.

Kwa laki mbili na nusu hapana.

MbioZaBonde
Wote mnazunguka. Tafuta Garmin Forerunner 55, hata iliyotumika. GPS iko ndani ya saa, inafika saa 20 ikirekodi, na bila GPS inakaa hadi wiki mbili. Kioo chake hakihitaji mwanga mkali wa ndani, jua likiwaka ndiyo unasoma vizuri zaidi. Band 9 haina GPS yake, lazima ubebe simu. Huku Iten ukiwauliza wanariadha watakuambia Garmin au COROS, na Kipchoge mwenyewe aliwahi kuvaa COROS.

Pwani_Tech
Ndugu, hajasema anakimbia.

Mkwakwani
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Simu ni Infinix. Saa ni ya mama yangu, ana miaka 61, presha inampanda. Yeye yuko Muheza, mimi niko Tanga mjini, nataka niwe naona vipimo vyake nikiwa huku.

Muuguzi_Nuru
Hili ndilo lilipaswa kuanza. Kati ya hizo tatu, Series 3 na Band 9 hazipimi presha kabisa. Galaxy Watch4 ina kipengele hicho, lakini kinapitia programu ya Samsung Health Monitor, ambayo inataka simu ya Samsung na haijafunguliwa kila nchi. Hata ikikubali, saa haipimi yenyewe kutoka sifuri: unaipa kwanza vipimo vitatu vya mashine ya kawaida ya mkononi, na kila baada ya siku 28 unarudia. Kwa hiyo mashine utainunua tu.

Inunue hiyo moja kwa moja. Chukua ya kufunga juu ya kiwiko, usichukue ya kifundo cha mkono. Kabla ya kulipa pima mzunguko wa mkono wa mama, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkono ukiwa mnene kuliko hapo, mkanda mdogo utasoma presha ya juu kuliko iliyopo, na mama atapewa dozi asiyoihitaji.

Kupima: asiwe amekunywa kahawa wala kufanya kazi nzito kwa nusu saa, aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 akiwa ameegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee. Mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Aandike kwenye daftari aende nalo kliniki.

Jaribu_Kwanza
Dada Nuru, kuna saa za elfu arobaini zinazoonesha presha, sukari na oksijeni bila kuchomwa sindano. Hizo vipi?

Muuguzi_Nuru
Zile zisizo na jina? Ifunge kwenye chupa ya maji au karatasi ya chooni iliyokunjwa, ubonyeze pima. Ikikuletea 118/76 umeshapata jibu. Kwa sukari, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo Februari 2024: hakuna saa wala pete iliyoidhinishwa kupima sukari kwenye damu bila kutoboa ngozi. Mgonjwa akipanga insulini kwa namba ile anaweza kuanguka, na akafa. Hapo sitanii hata kidogo.

FundiSaa
@Mkwakwani, hiyo Infinix ni ya mama au yako?

Mkwakwani
Ni yangu. Mama anatumia kitochi.

FundiSaa
Basi hesabu yote inabadilika. Saa inaongea na simu kwa bluetooth, mita kumi hivi, ukuta wa tofali ukiwa katikati inapungua. Ikiwa Muheza na simu iko Tanga haitumi kitu. Mama lazima awe na simu ya Android, yenye bando, programu ikiwa imefunguliwa akaunti.

Na ukimpa hiyo Infinix, ijue tabia yake. Ili kutunza chaji, inaua programu za nyuma. Saa itaonekana imeunganishwa asubuhi, mchana imekatika. Nenda kwenye mipangilio ya programu ya saa, upande wa betri weka bila kizuizi. Ruhusu ijiwashe yenyewe simu ikiwaka. Halafu fungua orodha ya programu zilizo wazi, uifunge kwa alama ya kufuli ili isifagiliwe. Mwisho ipe programu ruhusa ya mahali, la sivyo Android nyingi za zamani hazitafuti vifaa vya bluetooth. Nusu ya saa zinazoletwa kwa fundi kwamba "zimekufa bluetooth" ni mambo haya tu.

Mzee_wa_Kondoa
Vijana, hizi saa ni moto wa mabua. Saa ya Pebble ilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012, 2016 ikanunuliwa na Fitbit, 2018 seva zake zikazimwa. Miwani ya Google Glass iliuzwa dola 1,500, Januari 2015 wakaacha kuwauzia watu wa kawaida, na 2023 hata ile ya makampuni ikafungwa. Ile pini ya kifuani ya Humane ilitoka Aprili 2024 kwa dola 699, Februari 2025 imezimwa na walionunua wamebaki na kipande cha chuma. Casio F-91W ipo toka 1989, betri moja miaka 7. Kitu cha kuchaji kila usiku ili kikuoneshe saa hakitaenea.

Pwani_Tech
Shikamoo mzee. Ulivyovitaja vilikufa kwa sababu vilikuwa vinategemea seva ya kampuni moja, au vilimtaka mtu avae kamera usoni mbele za watu. Mikanda haikufa. Band 9 ina betri ya 233 mAh, wanasema hadi siku 21. Ukiwasha kupima usingizi na mapigo kila dakika zinashuka sana, lakini hutachaji kila usiku. Kwangu mimi kitakachoenea huku ni kile kinachokaa wiki moja bila chaji, kwa sababu umeme wenyewe unajulikana. Saa za siku moja zitabaki za watu wa ofisini.

Mzee_wa_Kondoa
Marahaba. Lakini kuhesabu hatua mtu anafanya wiki mbili anachoka. Nionyeshe kazi moja ambayo simu mfukoni haifanyi.

MbioZaBonde
Mapigo ya moyo ukiwa unakimbia, mzee wangu. Ingawa kwenye mbio za vipande vifupi saa ya mkononi huchelewa, wewe umeshasimama yenyewe ndiyo inapanda. Hapo ni mkanda wa kifuani. Mkanda wa saa ukilegea pia inaanza kuhesabu hatua badala ya mapigo: ukiona mapigo yamekwama 170 au 180 sawasawa na miguu, kaza, sogeza vidole viwili juu ya kifundo.

Jaribu_Kwanza
Na arifa. Ila mkumbuke ujumbe wa M-Pesa unatokea mkononi na salio lake, pamoja na namba za siri za benki. Kwenye daladala jirani anasoma. Zima arifa za ujumbe mfupi, acha za kupigiwa tu.

Mkwakwani
Asanteni wote. Kuhusu mashine ya presha nimeelewa, naulizia mkanda wa sentimita 22 hadi 42 kama upo Tanga. Lakini bado mama nataka awe na kitu mkononi, aliwahi kuanguka bafuni. Mwenye Watch4 ameshuka hadi laki mbili na nusu, ni ya milimita 44.

FundiSaa
Watch4 ina kutambua kuanguka, lakini ile isiyo na laini yake inapiga kupitia simu iliyo karibu, na wewe umesema kitochi. Vilevile ilitoka Agosti 2021 kwa ahadi ya apdeti za miaka 4. Kabla hujatoa hela mwambie aiweke kwenye chaji dakika 30 mbele yako, uangalie asilimia imepanda ngapi, halafu aifute na kuiunganisha upya na Infinix yako hapo hapo. Tuma picha ya mgongo wake, pale kwenye sensa, nione kama kioo cha chini kina ufa.

Muuguzi_Nuru
Na mama anatumia dawa gani, na alianguka akiwa anasimama ghafla au aliteleza?