Nimepangiwa mafunzo ya fikra na tabia kazini, niende au nikwepe?

Koplo_Pwani: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni askari hapa Dar. Wiki ijayo naanza mafunzo ya saikolojia, wanayaita ya fikra na tabia. Hofu yangu ni faili. Nikionekana nina tatizo la akili, cheo nitakisikia kwa wenzangu. Aliyepitia anisaidie, usingizi sipati.

MamaZuu_Tandika: Pole kaka. Marehemu mume wangu alikuwa askari. Akitoka lindo la usiku, sisi ndani tunanyata. Sufuria ikidondoka tu, keshasimama mlangoni. Hakuna aliyemwambia kuna msaada. Nenda.

Chuma_Mboga: Acha bia, sali. Hayo mengine ya wazungu.

Mshauri_Kino: Hupimwi ukichaa. Msingi wake ni tiba aliyoianzisha daktari Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960: kulikagua wazo kabla hujalifuata. Chicago walitengeneza mafunzo ya namna hiyo kwa polisi, wakayapima kwa askari 2,070, wengine wakafundishwa na wengine la. Waliofundishwa walipunguza kutumia nguvu na kukamata watu pasipo ulazima. Kazi haikupungua, na wao wenyewe waliumia mara chache zaidi kazini. Zoezi lenyewe ni kama hivi: kijana kakuona, kakimbia. Wazo la kwanza, mwizi. Haya, taja sababu nyingine. Hana leseni? Anawahi daladala? Anakuogopa tu? Ila mkuu, mmepangiwa kituo kizima au wewe?

Koplo_Pwani: Tuko wachache.

Mshauri_Kino: Wachache kwa sababu gani?

Koplo_Pwani: Haya. Tulikuwa doria Mbagala Rangi Tatu, usiku. Nikasimamisha dogo wa bodaboda, akazamisha mkono mfukoni ghafla. Nikamzaba kofi, akaangukia usukani, jino likatoka. Mkononi ilikuwa simu, bado inaita, imeandikwa "Maza". Lakini jamani, taa ya pikipiki iko machoni, ungesubiri uone kama ni kisu? Na ruhusa nimeshaomba, bibi anaumwa Songea. Sikwepi, sukari imempanda kweli.

Boda_Temeke: Jino la dogo nani analipa? Sisi tukisimamishwa hatujui mikono tuiweke wapi. Ukiitoa mfukoni kosa, ukiiacha kosa.

Mzee_Kijiwe: Hii chai. Askari gani anamwaga ya kituoni hadharani? Huyu mwanachuo, anakusanya majibu ya utafiti.

Chuma_Mboga: Hata mimi nimeshtuka. Aweke picha ya kombati.

Boda_Temeke: Chai ya nini? Hilo kofi mimi nalijua.

Koplo_Pwani: Picha siweki, nina watoto wanasoma. Asiyeamini apite.

Mshauri_Kino: Chai au si chai, swali la faili lina uzito. Kabla ya kikao cha kwanza muulize mwezeshaji: ninayosema yanaandikwa wapi, na nani anasoma? Akijiumauma, mambo ya ndani baki nayo, zoezi fanya. Songea tiketi umekata?

Koplo_Pwani: Nimekata. Basi la kesho alfajiri.

MamaZuu_Tandika: Kaka, bibi ana watu wa kumpeleka hospitali huko?

Koplo_Pwani: Shangazi yupo naye.

MamaZuu_Tandika: Basi wahi stendi Mbezi usiku huu kabla hawajafunga, uombe wakubadilishie tarehe. Basi likishaondoka hela huioni.