Nairobi – New York ni masaa mangapi kweli? Tiketi inanichanganya

binti_wa_kilifi
Habari zenu wadau. Mamangu anaenda New Jersey kuona mjukuu, amekatiwa ile ndege ya moja kwa moja ya KQ (Kenya Airways) mpaka JFK, uwanja wa ndege wa New York. Sasa tiketi inaonyesha anatoka Nairobi saa tano na nusu usiku anafika saa moja na nusu asubuhi, hayo si masaa 8 tu? Lakini kurudi anatoka saa sita na nusu mchana anafika kesho yake saa tatu na nusu asubuhi, masaa 21! Kwani kurudi inasimama mahali? Miguu yake huvimba ndo maana nauliza.

mzee_wa_anga
Haisimami popote dada. Tiketi huandikwa saa za pale inapotoka na saa za pale inapotua. Saa hii New York iko nyuma yetu masaa 7, kwa hivyo 8 jumlisha 7 ni 15 za kwenda, na 21 toa 7 ni 14 za kurudi. Ila wao husogeza saa zao, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Machi tofauti inakuwa 8.

kamau_ramani
Umbali ni kama kilomita 11,840 kwa njia fupi kabisa. Na usichore mstari kwa ramani ya ukutani ukadhani wanakata Kongo halafu bahari, dunia ni mviringo bana, njia fupi inapanda juu ya Sahara na nusu ya safari inaangukia karibu na Marrakech huko Morocco. Yaani karibu masaa saba mama bado yuko Afrika 😂

juma_tu
mbona kwenda izidi kurudi?

mzee_wa_anga
Upepo. Huko juu Atlantiki ya kaskazini unavuma kutoka magharibi, kwenda mnapambana nao, kurudi unawasukuma. Wakati wa baridi yao ndo huwa mkali zaidi.

mama_pacha_nj
Tuache hesabu kidogo. Kama miguu huvimba aone daktari kwanza, aulize kuhusu zile soksi za kubana, halafu achukue kiti cha kando ya njia ili ainuke atembee bila kuomba ruhusa kila saa. Ombeni kiti cha magurudumu mapema hata kama anatembea vizuri, foleni ya uhamiaji JFK si mchezo. Dawa zikae kwa mkoba wa mkononi. Na kuna watakaokwambia kupitia Doha au Addis ni nafuu, sawa, mara nyingine ni nafuu kweli, lakini kumhangaisha mzee kutafuta geti usiku mimi singekubali.

binti_wa_kilifi
Asanteni jamani. Sasa dawa ya presha hunywa saa mbili usiku, huko afuate saa ya Nairobi ama yao?

mama_pacha_nj
Hiyo muulize daktari siku hiyohiyo ya soksi, mwonyeshe na tiketi.