Kusawazisha sakafu ya sebule: fundi mmoja kasema mifuko 12, mwingine 5

Mpangaji Mstaafu:
Wakuu heshima kwenu. Nataka kusawazisha sakafu ya sebule kabla ya kuweka marumaru. Nimeita mafundi wawili, siku tofauti. Wa kwanza kazungukazunguka, kasema saruji mifuko 12 na mchanga kenta moja. Wa pili kasema mifuko 5 na mchanga kirikuu kimoja, kale kagari kadogo ka mizigo, tena kacheka nilipomtajia 12. Sebule ni ya kawaida tu. Nani anataka kunipiga hapa? Saruji nanunua Jumamosi.

Chuma Chakavu:
Sebule ya kawaida ndiyo ipi mkuu? Wengine sebule zao ni kiwanja cha mpira.

Babu Toroli:
Urefu, upana, unene. Bila hivyo tunapiga ramli. Na jamvi, ile zege ya chini, lina hali gani?

Mpangaji Mstaafu:
Samahani wakuu. Ni mita 5 kwa 4. Unene sijui, nilidhani hiyo ni kazi ya fundi. Jamvi lilimwagwa mwaka jana, limeinamia dirishani. Ukiweka gololi mlangoni inakwenda yenyewe hadi ukutani.

Kokoto Nne:
Achana na skridi mkuu, hiyo saruji na mchanga wa kusawazishia. Kuna ule unga wa mifuko unakoroga na maji, unamwaga, unajitandaza wenyewe kama uji. Kesho yake unatembea juu.

Babu Toroli:
Ule ni wa kuziba milimita chache. Kama kona imezama sentimita 4, atauza kiwanja kuijaza. Vilevile asikubali fundi wa marumaru amwambie "nitasawazisha na gundi". Gundi si ya kujazia mashimo.

Mpangaji, fanya hivi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, jaza, toa mapovu yote, piga alama za levo kuta zote nne kwa urefu mmoja. Funga kamba toka alama hadi alama, kisha shuka na futi hadi chini sehemu 9: kona 4, katikati ya kila ukuta, na katikati ya chumba. Lete namba hapa.

Mama Naima:
Kabla ya namba, naomba niseme yangu maana nililia kwa pesa yangu. Mimi saruji ilitosha kabisa, ila kazi ndiyo ikanitoa roho.

Ilikuwa chumba cha wageni. Jamvi tuliligeuza stoo miezi kama minane: mbao, makopo ya rangi, matone ya lipu yamegandia. Pale katikati palikuwa na doa la rangi ya bluu kubwa kama sahani. Nikamwuliza fundi, hamlioshi? Akanijibu, "Mama, saruji inashika popote." Wakachanganya lundo lote asubuhi, mifuko minne kwa mpigo. Saa saba wakaenda kula. Wamerudi saa tisa lundo limeshaanza kukaza, kijana akalimwagia ndoo ya maji na kuligeuza upya kwa koleo. Mimi nipo nimesimama mlangoni na chai yangu, sijui kama hapo ndipo naibiwa. Kumwagilia hawakumwagilia, siku ya nne marumaru zikabandikwa.

Miezi mitatu baadaye ukipita na viatu unasikia ko, ko, ko, kama debe tupu. Siku moja nikatua mtungi wa gesi, kigae kikapasuka. Tulipokibandua, skridi ikanyanyuka nacho, kipande kizima kama slesi ya mkate. Chini yake doa langu la bluu linaniangalia, halina hata mkwaruzo.

Nimebomoa chumba chote. Kwa hiyo uliza mifuko, lakini uliza na hilo.

Chuma Chakavu:
Pole dada. Hapo jamvi lilitakiwa kukwanguliwa kwa tindo, kufagiliwa, kuoshwa, halafu linapakwa uji wa saruji na skridi inafuata hapo hapo uji ukiwa mbichi. Kuchanganya unachanganya kidogo kidogo.

Mpangaji Mstaafu:
Nimepima. Mlangoni sm 98, ndiyo juu kabisa. Kona ya dirisha 102. Wastani wa zote 9 ni 100.

Babu Toroli:
Safi. Pale juu kabisa usishuke chini ya sm 2.5, ikiwa nyembamba zaidi inabanduka. Wastani wa sakafu yako uko sm 2 chini ya mlangoni, kwa hiyo unene wa wastani ni 4.5.

5 × 4 × 0.045 = mita za ujazo 0.9. Vitu vikavu vikipata maji vinashuka, zidisha kwa 1.3, unapata 1.17. Kwa moja kwa nne, yaani saruji moja kwa mchanga nne, gawa kwa 5: saruji 0.234, mchanga 0.936. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, hivyo ni mifuko 7 kasoro. Mchanga ni toroli 15 za lita 65, zilizofutwa juu, si za kilima. Ongeza mfuko mmoja wa kumwagika na wa ule uji.

Kokoto Nne:
Moja kwa nne ni uchoyo. Mimi sakafu zangu zote moja kwa tatu.

Chuma Chakavu:
Ndiyo maana zina nyufa kama ramani ya mito. Saruji ikizidi inasinyaa.

Kokoto Nne:
Njoo uone kwangu kwanza ndipo useme.

Babu Toroli:
Mnagombana bure, ila angalieni: moja kwa tatu kwa unene wa sm 6 inakwenda mifuko 11 na kitu. Huyo ndiye fundi wa 12. Moja kwa sita kwa sm 4.5 ni karibu mifuko 5. Huyo ndiye aliyecheka. Kila mmoja alikuwa na sakafu yake kichwani.

Mpangaji Mstaafu:
Kwa hiyo kirikuu kimoja cha mchanga kinatosha?

Chuma Chakavu:
Pima bodi yake mwenyewe: urefu, upana, kina, zidisha. Na mchanga wenye unyevu huwa umevimba, ukikauka unashuka, kwa hiyo chukua wa ziada. Tia kiganja kimoja kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku. Tope likikaa nene juu, rudisha. Na usiletewe wa ufukweni.

Mama Naima:
Na uhesabu mifuko mitupu jioni.

Kokoto Nne:
Mitupu wanakuja nayo toka saiti nyingine dada, kwangu nilihesabu tisa wakati nilinunua nane.

Babu Toroli:
Mpangaji, swali. Mlango umeshafungwa?

Mpangaji Mstaafu:
Ndiyo, na fremu yake. Kwa nini?

Babu Toroli:
Skridi sm 2.5 pale mlangoni, gundi na kigae weka sm 1.5. Sakafu inapanda sm 4. Chini ya mlango una nafasi gani?

Mpangaji Mstaafu:
Kidole kimoja, tena cha mtoto.

Chuma Chakavu:
Mlango wa mbao gani?

Mpangaji Mstaafu:
Mninga, wa kuchonga. Maua yake yanaanzia chini kabisa.

Mama Naima:
Jamani usiukate huo! Afadhali bomoeni jamvi pale mlangoni.

Kokoto Nne:
Au pandisha fremu.

Chuma Chakavu:
Apandishe fremu na linta, ile boriti ya juu ya mlango, je?

Mpangaji Mstaafu:
Fundi wa mifuko 5 hapokei simu. Wa 12 kasema anakuja kesho asubuhi na msumeno.