Tupeane uzoefu: mswada ambao haujachapishwa unalindwaje?

Watunzi wa Tanga na Bagamoyo, mwenye ujuzi wa jambo hili asipite kimya.

Mtunzi wa Chumbageni: Hakimiliki unayo tangu unapoandika, hata kama mashairi bado yako daftarini. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haikulazimishi kusajili. Haki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani aliyefariki 1962, hesabu hiyo ilitimia 2012. Ila wazo tupu halilindwi. Ukisimulia kisa cha riwaya yako barazani, mwenzio akakiandika kwa maneno yake, huna pa kumshika. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ni hiari, lakini mzozo ukizuka cheti kinakusaidia kwenye ushahidi.

Dada wa Ngamiani: Ahsante kaka. Kazi nyingi zinavujia steshenari. Umepeleka daftari likachapwe, umelipa, umeondoka na flashi yako, na faili limebaki kwenye kompyuta ya watu. Usitoke mpaka lifutwe, na lifutwe tena kule vinakokaa vilivyofutwa. Halafu jamani, daftari msilitupe! Beti zilizokatwa kwa kalamu, kina kilichobadilishwa pembeni, mishororo iliyoandikwa upya: hivyo mwizi hana, yeye ana nakala safi tu. Kila rasimu iandike tarehe, kisha jitumie faili kwa baruapepe. Ile mbinu ya kujitumia mswada kwa posta ndani ya bahasha, ili muhuri uonyeshe tarehe, siiamini, maana bahasha inaweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye.

Mwalimu wa tamthilia, Bagamoyo: Dada kasema kweli. Kwenye tamthilia, kila nakala ya mwigizaji iwe na namba na jina lake. Ikionekana mtaani utajua imetokea wapi. Waigizaji wakichangia mazungumzo mazoezini, andikianeni mapema nani ni mtunzi. Na ISBN, ile namba ya kitabu inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ni utambulisho wa kitabu, haithibitishi umiliki.

Mtunzi wa Chumbageni: Nyongeza kuhusu mkataba. Kumpa mchapishaji ruhusa ya kuchapa ni tofauti na kumhamishia haki zote. Ukikuta "haki zote", rudisha uandikwe upya: toleo gani, lugha gani, miaka mingapi. Redio, filamu na tafsiri zitajwe kila moja peke yake. Kiwepo pia kifungu cha haki kurudi kwako kitabu kisipotoka ndani ya muda mliokubaliana, la sivyo mswada utafungiwa kabatini kwake na kwingine huwezi kuupeleka.