Naomba ushauri: zawadi ya Krismasi ya binti yangu iwe safari ya kuona vyuo vikuu?

Mama Wawili Kirumba
Ndugu zangu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 18 anayesoma kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya bweni iliyo nje kidogo ya Mwanza. Kila Krismasi nimekuwa nikimnunulia yeye na mdogo wake nguo, viatu na kitu kimoja kidogo ambacho kila mmoja amekitamani. Mwaka huu nimeona zawadi yake iwe safari ya kwenda kuona vyuo vikuu, kwa sababu mwezi Mei anafanya mtihani wa taifa, na matokeo yakishatoka Julai atatakiwa kuomba vyuo haraka akiwa hajawahi kukanyaga hata kimoja. Nimepanga tuondoke tarehe 27 Desemba, tuone Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha twende Muhimbili, chuo kikuu cha afya kilichoko Dar es Salaam, ambako tutafikia kwa shangazi yake. Mdogo wake atapata nguo kama kawaida. Kinachoninyima usingizi ni hiki: mtoto akimwona mdogo wake amevaa nguo mpya siku ya sikukuu, naye ameambiwa kwamba zawadi yake ni safari, je, hataumia? Pesa nitakayotumia si ndogo, na mimi ni mfanyabiashara mdogo wa dagaa pale mwaloni, kwenye soko la samaki. Naombeni mawazo yenu.

Ngosha wa Igoma
Dada yangu, mnunulie gauni. Vyuo vikuu vipo miaka yote na havihami, lakini Krismasi ya mwisho ya mtoto akiwa bado mwanafunzi wa sekondari hairudi tena. Mtoto wa kike asipokuwa na nguo mpya siku ile, hata kanisani atakaa nyuma.

Mhitimu wa Mlimani
Mama, wazo ni zuri ila tarehe haifai. Wiki iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya wanafunzi wengi wa vyuo wamekwenda makwao, kwa hiyo mtakuta walinzi getini na majengo yaliyofungwa. Ukitaka binti aone chuo kinavyoishi, aone maktaba iliyojaa, foleni ya chakula na watu wanaokimbilia vipindi, nenda mara tu shule yake itakapofunga, kabla vyuo navyo havijafunga. Mimi niliwahi kupelekwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kaka yangu wakati wa likizo, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba chuo ni mahali penye utulivu mkubwa. Nilipofika kuanza masomo nikakuta chumba kimoja tunalala wengi kuliko vitanda, na nilichukua muhula mzima kuzoea. Laiti ningepaona pakiwa na watu.

Mzee wa Kanisa Nyakato
Binti yangu, wengi wamekujibu kuhusu nguo na tarehe, lakini hakuna aliyekumbusha kwamba Krismasi ni kuzaliwa kwa Bwana. Sisi tulilelewa kwa wali, kuku mmoja na misa ya usiku, na tukasoma. Zawadi ya kwanza ambayo mtoto anaihitaji kwa mzazi ni kukaa naye mezani, na hilo halihitaji basi la kwenda Dar es Salaam.

Karani wa Udahili
Nimefanya kazi ya udahili kwa muda mrefu, hivyo niseme machache ninayoyajua. Kutembelea chuo hakumwongezei mwombaji nafasi hata kidogo. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo kupitia mtandao, kwa kufuata mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja atathibitisha kimoja tu. Vyuo ulivyovitaja vinanionesha kwamba lengo ni udaktari wa binadamu. Kigezo cha chini cha kozi hiyo ni kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jumla ya pointi 6, yaani angalau D katika kila somo, lakini waombaji ni wengi mno na wanaochukuliwa huwa na ufaulu wa juu kuliko huo kwa mbali. Ningekuwa wewe, mwezi huu ningehakikisha cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa sababu Bodi ya Mikopo itakihitaji na watu hukimbizana nacho dakika za mwisho.

Mama Wawili Kirumba
Nawashukuru sana. Kuhusu tarehe, tiketi nimeshakata na shangazi yake ameshaomba ruhusa kazini, kwa hiyo kubadilisha ni vigumu. Cheti nitakifuatilia. Mzee wangu, shikamoo, misa hatutaikosa.

Mjukuu wa Ukerewe
Dada, kuna jambo halijakaa sawa. Unauliza kuhusu nguo, lakini hakuna mahali uliposema binti mwenyewe ameomba zawadi gani. Tena, kama ni udaktari, Bugando iko hapo kilimani na ina chuo kikuu cha afya, mnaweza kupanda na kurudi nyumbani kula mchana. Kwa nini Dodoma na Muhimbili tu?

Mama Wawili Kirumba
Bugando anaifahamu tangu utotoni, ndiyo maana sikuiweka. Aliomba kompyuta mpakato, hata iliyotumika. Nikamwambia haiwezekani kwa sasa.

Baba Pendo Buzuruga
Kuhusu kompyuta, msikilize. Mwanangu alianza chuo pale Malimbe bila kompyuta, akawa anaandika kazi zake kwenye simu na kwenda kuzichapisha kwa watu kila mara. Fedha aliyotumia kwa mwaka wa kwanza pekee ingetosha kununua kompyuta iliyotumika. Na usinunue barabarani kwa mtu usiyemfahamu; mimi niliuziwa moja iliyokuwa nzuri kwa nje, betri yake haikumaliza hata kipindi kimoja, na aliyeniuzia sikumwona tena.

Mjukuu wa Ukerewe
Baba Pendo, hayo ni ya kweli, ila swali langu bado liko palepale. Dada, kompyuta tu? Hakuna kingine alichoomba?

Mama Wawili Kirumba
Kuna kingine. Aliniandikia barua kutoka shuleni akasema kwamba, kama tutasafiri kwenda kwa shangazi, tushuke Morogoro hata kwa siku moja akaone SUA, chuo kikuu cha kilimo. Anataka kusomea ufugaji wa samaki. Mjomba wake ana vizimba vya sato upande wa Sengerema, na tangu alipokaa kule likizo ya kidato cha tano haongei kitu kingine. Udaktari ni wazo langu, na sioni haya kulisema. Yeye anajua tunakwenda kwa shangazi. Hajui kwamba tutapita vyuoni. Naamini akikanyaga Muhimbili na kuwaona wasichana wenzake katika makoti meupe, moyo utageuka wenyewe. Mimi nimekaa na samaki maisha yangu yote. Najua mkono unavyopasuka kwa jua na chumvi, najua kukopa mtaji na kuukuta umeoza. Sitaki mwanangu arudi pale nilipojitahidi kumtoa.

Karani wa Udahili
Basi swali la nguo halikuwa swali lenyewe.

Mhitimu wa Mlimani
Mama, kwa heshima zote, safari ambayo msafiri amefichwa anakokwenda haiwezi kuitwa zawadi yake. Barabara ya Mwanza kwenda Dar es Salaam inapita Morogoro. Mtampitisha dirishani pale mahali alipoomba kushuka, kisha mumpeleke asikokuomba, na atajua kwamba barua yake uliisoma.

Ngosha wa Igoma
Mimi niko upande wa mama. Mtoto wa miaka 18 akiona vizimba anataka vizimba, kesho akiona ndege atataka urubani. Mzazi ameona mbali. Akiwa daktari, samaki atanunua.

Jicho la Tai
Wanajukwaa, naomba mnisamehe, lakini mimi siuamini uzi huu. Mwanzo ameandika kwamba mtoto ameambiwa zawadi yake ni safari, na sasa anasema mtoto hajui lolote kuhusu vyuo. Anajiita mfanyabiashara wa dagaa, lakini anaandika Kiswahili cha kamati ya lugha. Tumeshawaona mawakala wanaoingia humu na kisa cha kugusa moyo, na baada ya kurasa mbili wanataja kampuni inayozungusha wanafunzi vyuoni au kuwatafutia nafasi nje ya nchi. Kama kweli uko mwaloni, tueleze hali ya biashara mwezi wa Desemba, nasi tutajua.

Mzee wa Kanisa Nyakato
Si vizuri kumwita mtu mwongo bila ushahidi, tena mtu mwenye shida.

Mama Wawili Kirumba
Mzee, mwache, nitamjibu. Nimeandika kwamba ameambiwa kuhusu safari, na hilo ni kweli. Kuhusu vyuo sikusema. Kiswahili nilikifundisha shule ya msingi kabla sijaingia sokoni, na muuza dagaa kuandika sentensi kamili si ajabu.

Kuhusu Desemba, mvua za vuli ndizo adui yetu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, huletwa mwaloni alfajiri, na huhitaji jua kali la siku nzima ili akauke akiwa mweupe wa kung'aa. Akinyeshewa kabla hajakauka hugeuka rangi, hutoa harufu na kuvunjikavunjika, na yule ambaye ungemuuza kwa chakula cha watu unamuuza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Anayeanika mchangani hupoteza zaidi, kwa sababu mchanga huingia na mteja wa Kongo akishika tu anajua. Wa kwenye chanja hupitisha hewa chini na juu, ila chanja zina gharama na wengi hawazimudu. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi haitoki, kwa sababu taa haimvuti dagaa wakati ziwa zima lina mwanga, hivyo siku hizo bei hupanda kwa aliyeweka akiba kavu na wengine wote hukaa. Mimi huweka akiba kabla ya mwezi kukomaa. Fedha ya safari hii imetoka huko. Wakala gani anayajua hayo?

Jicho la Tai
Nimeridhika, mama. Nilikuwa nalinda watu.

Mjukuu wa Ukerewe
Dada, nimesoma maelezo yako hayo zaidi ya mara moja. Umeeleza jua, mvua, mwezi, hewa inavyopita chini ya chanja na jinsi mnunuzi anavyokagua mzigo. Mtoto aliyekua akisikia maneno hayo nyumbani, unafikiri hamu ya samaki ameipata kwa mjomba peke yake?

Na kazi anayoitaka si ile unayoikimbia. Anayesomea ufugaji wa viumbe wa majini anajifunza chakula cha samaki, magonjwa yao, uzalishaji wa vifaranga na ubora wa maji. Hapa ziwani vizimba vinaongezeka. Januari 2024 Rais Samia alikuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya mkopo kwa wavuvi na wafugaji, na wengi waliovipata wanahitaji mtu wa kuwaambia kwa nini samaki wanakufa kizimbani wakati maji yanaonekana safi. Mtu huyo hasimami juani na karai.

Baba Pendo Buzuruga
Tena SUA si peke yake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina shahada ya sayansi za majini na uvuvi. Na hata ngazi ya stashahada, FETA, chuo cha mafunzo ya uvuvi, iko hapahapa Nyegezi. Mpwa wangu alisoma pale, sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ingawa yeye alitaka sana kuwa nahodha, na hiyo ni hadithi ndefu ya familia yetu.

Mama Wawili Kirumba
Nimewasikia. Lakini hakuna hata mmoja wenu atakayelipa ada, na hakuna atakayekuwa pembeni yangu akikosa kazi. Tahasusi ya PCB imegharimu masomo ya ziada ya Kemia tangu kidato cha tano. Daktari hakosi kazi.

Karani wa Udahili
Hilo la mwisho si la uhakika siku hizi, mama; madaktari waliomaliza na kusubiri ajira wapo wengi, na unaweza kuwauliza hapo Bugando. Masomo ya Kemia hayapotei pia, kwa sababu Kemia ileile itamfaa hata kwenye kozi ya samaki. PCB inamfungulia milango yote miwili, na anaweza kuomba kozi zote mbili Julai bila kukosana na mtu.

Nikushauri la utendaji. Badala ya basi la moja kwa moja, pandeni linaloishia Dodoma. Oneni Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha chukueni treni ya umeme ya SGR mshuke Morogoro, mlale usiku mmoja, asubuhi muende SUA, halafu mwendelee na treni hadi Dar es Salaam mkaone Muhimbili na Mlimani. Andika barua pepe mapema kwa ofisi ya udahili ya kila chuo, eleza kwamba ni mzazi na mwanafunzi wa kidato cha sita, omba mtu wa kuwapokea. Kama mtaweza kuondoka kabla ya sikukuu, mtawakuta wahadhiri. Tiketi uliyokata uliza ofisi ya basi kama wanaruhusu kubadili tarehe, nyingine huruhusu ukiwahi.

Ngosha wa Igoma
Na gauni?

Mama Wawili Kirumba
Gauni nitamshonea, fundi wangu yuko Kirumba na kitenge ninacho ndani. Kesho nitapita Nyegezi kituoni kuulizia tiketi. Wakikubali tutaondoka wiki ambayo shule inafunga. Nimeandika Morogoro kwenye ratiba, siku moja, kama alivyoomba. Karani, je, SUA wanahitaji barua ya mkuu wa shule, au barua yangu kama mzazi inatosha?

Karani wa Udahili
Yako inatosha, ila beba nakala ya cheti chake cha kidato cha nne na kitambulisho chako kwa ajili ya getini. Na mwambie binti kabla ya kupanda basi.

Mama Wawili Kirumba
Nitamwambia siku nitakapokwenda kumchukua shuleni. Muhimbili haitoki kwenye ratiba.