Mjumbe mpya wa kamati ya shule naomba msaada: vitabu vya ziada huwa vinapitishwaje?

Mama_Cherehani, Makambako

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na stendi. Mwezi wa pili wazazi walinichagua niingie kamati ya shule anayosoma mwanangu, shule ya msingi ya serikali. Msidhani nina sifa yoyote, nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na sikuwahi kukataa haraka.

Sasa kikao cha juzi kulikuwa na ajenda ya ununuzi wa vitabu vya ziada vya Sayansi, Darasa la Nne. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wetu, akasema ukweli ambao hata mimi nauona kwa mwanangu: kitabu cha kiada, yaani kile kikuu cha somo, kimoja wanasoma watoto wanne, wa pembeni anasoma kwa kukunja shingo kama kuku anayekunywa maji. Kuna wakala amekuja na kitabu, anauza 7,500. Darasa lina watoto 118. Nikapiga hesabu kwa kalamu ya chaki ya kitambaa: 885,000. Wazazi wachange, kwa hiari, na upimaji wa Darasa la Nne uko mbele.

Wajumbe wakaanza kusaini. Karatasi ilipofika kwangu nikauliza, "Kitabu chenyewe kiko wapi?" Kimya. Mwenyekiti akacheka kidogo, akasema kiko ofisini, ni kitabu kizuri, kina rangi. Nikaomba niende nacho nyumbani hadi kikao kijacho. Nikapewa, ila kwa macho yale ya kusema huyu naye ameanza lini.

Nimekikagua ninavyojua mimi, yaani kama nguo. Kurasa zimegundishwa kwa gundi tu, hakuna uzi hata mmoja. Ukikifungua mpaka mwisho kinalia. Mtoto wa darasa la nne atakimaliza kabla ya Pasaka. Lakini yaliyoandikwa ndani mimi siyawezi, niliishia Form Two.

Swali langu: nani mwenye kazi ya kusema kitabu hiki kinafaa kuingia darasani? Ni sisi kamati, ni mwalimu, au ni Wizara? Na nikikataa kusaini nasimamia nini?

---

Mwl_Mstaafu61

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la kikubwa kuliko unavyojidharau.

Nimefundisha miaka 36, kati ya hiyo 14 nikiwa mwalimu mkuu, nimestaafu 2017. Ngoja nikusimulie jinsi hii kazi ya kuchagua ilivyohamahama, ndipo utajua kwa nini wajumbe wenzako wanasaini bila kushika kitabu.

MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza 2002, fedha za vitabu zilianza kushuka hadi shuleni. Kwenye karatasi ilikuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na 4 kati ya hizo ni za vitabu. Zilizofika zilikuwa pungufu, ila zilifika, na kamati ya shule ndiyo iliyosaini. Wachapishaji binafsi waliandika, ile kamati ya Wizara iliyoitwa EMAC, iliyoundwa 1999, ikasoma na kutoa ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, kisha sisi shuleni tukachagua kutoka kwa vilivyopita. Somo moja lingeweza kuwa na vitabu vitatu au vinne, vyote halali.

Mzuri mpango, eh? Sasa nikuungamie. Mwaka mmoja tulichagua Hisabati ya darasa la tano kwa sababu wakala alikuja na mpira wa miguu na kalenda sita. Kitabu hatukukifungua. Mwaka uliofuata akaja mwingine na jezi, tukahamia kwake. Matokeo yake nikaingia darasani nikasema "fungueni ukurasa wa 40": wa kushoto ana hesabu za sehemu, wa kati ana eneo la mstatili, na wa kulia ameinua mkono kwamba chake kimeishia ukurasa wa 36, vingine vimenyofoka. Nikafundisha kwa ubao mwaka mzima, vitabu vipo kabatini.

Kwa hiyo watu wakisema zamani shule zilikuwa na uhuru wa kuchagua, mimi huwa nainamisha kichwa. Uhuru tulikuwa nao.

Mwaka 2013 vitabu vyenye makosa lakini vyenye ithibati vikawa moto bungeni, mbunge James Mbatia akiwa mstari wa mbele, na mwaka huohuo EMAC ikavunjwa. Baada ya hapo kitabu cha kiada kikawa kimoja kwa kila somo, na kinaandikwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ileile iliyoundwa kwa sheria ya 1975. Usidhani makosa yalikoma. 2017 Wizara yenyewe iliagiza vitabu vya kiada vyenye makosa viondolewe shuleni. Lakini angalau ukurasa wa 40 ni ukurasa wa 40 nchi nzima.

Kuhusu fedha: tangu elimu bila malipo ianze 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni 10,000 kwa mwaka. Shuleni inafika 6,000. Ile 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Ndiyo maana wajumbe wamesahau kazi ya kushika kitabu. Vya kiada vinakuja kwenye gari, mnasaini kupokea, basi.

Kinachobaki mikononi mwenu ni vitabu vya ziada, na hicho ulichonacho ni cha ziada. Hapo mnachagua, ila ndani ya vilivyopata ithibati ya Wizara tu. Sasa fungua kurasa za mwanzo kabisa, kabla ya yaliyomo. Tafuta ukurasa wenye neno ITHIBATI. Unatakiwa uone jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, tarehe ya kuidhinishwa, kimeidhinishwa kama kiada au ziada, kwa darasa gani, na kwa mujibu wa muhtasari (ile orodha ya mada za somo) wa mwaka gani. Chini yake jina la Kamishna wa Elimu. Mwaka wa muhtasari ndio usome mara mbili. Mtoto wako aliingia Darasa la Tatu 2024, hivyo yuko kwenye mtaala mpya, muhtasari wa 2023.

Na angalia jina la somo. Mtaala wa zamani ulikuwa na somo la Sayansi na Teknolojia. Huu mpya unaita Sayansi.

Soma, urudi hapa utuambie.

---

Wakala_Vitabu

Nimesoma nikiwa kwenye basi na begi la sampuli miguuni. Mimi ni wa kundi hilo mnalolisema, mawakala wa vitabu.

Mzee hapo juu amesema kweli kuhusu mipira. Ila semeni na upande wetu. Kitabu cha ziada kinapelekwa TET kikiwa kimekamilika, kinasomwa, kinarudishwa na marekebisho, kinapelekwa tena, na gharama zote ni za mchapishaji. Wapo wanaofuata njia hiyo mpaka mwisho. Halafu unafika shuleni, unakuta kuna mtu amepita juzi na kitabu cha 3,000 kisicho na ithibati, na mwalimu mkuu anakwambia chako ghali.

Jambo la pili sitataja mtu. Mtaala ulipobadilika, stoo nyingi zilibaki na mzigo wa vitabu vya zamani. Mzigo ule haukuchomwa moto. Dada, pitisha kucha juu ya jalada, hasa penye jina la somo.

---

Mwalimu_wa_Butere

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Kenya tumepitia njia hiyohiyo, tofauti ni majina.

Elimu ya msingi ya bure ilipoanza 2003, serikali ilituma shilingi 1,020 kwa kila mtoto: 650 kwenye akaunti ya vifaa vya kufundishia, tukiiita SIMBA, na 370 kwenye ile ya matumizi ya kawaida. Shule ilikuwa na kamati yake ya kuchagua vitabu, na tulichagua kutoka kwa orodha ya vilivyoidhinishwa, ile wenyewe huita Orange Book. Nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Tulikaa kwenye maktaba, kila mwalimu wa somo alete vitabu vyake viwili vitatu, asome sura moja mbele yetu na aeleze kwa nini. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa akichukua saa nzima, hata chai inapoa. Lakini tulisoma.

Tangu 2018 serikali inanunua yenyewe na kuleta vitabu hadi mlangoni. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ndiyo hutathmini. Sasa kila mtoto ana kitabu chake katika masomo mengi, na hilo si jambo dogo, nimefundisha miaka ya watoto watano kwa kitabu. Ila mwalimu wa Kiswahili hana tena mahali pa kusimama aseme sura hii ni mbovu. Siku hizi huniambia mimi, kwenye matatu.

---

Kijana_wa_Mjini

Dada saini tu, kalenda utapata. 😂

---

Mama_Cherehani, Makambako

Shikamoo tena mwalimu. Nimerudi na habari.

Usiku nilipofunga kibanda nilikaa chini ya taa nikapitisha kucha kama alivyosema wakala. Juu ya jalada, penye neno SAYANSI, pameinuka kidogo, kama kiraka kilichopigwa pasi. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia. Stika ile imebandikwa vizuri, sikatai kazi ya mtu, nilianzia kona kama ninavyofumua lebo ya mtumba, pole pole, na mvuke wa pasi kidogo. Ikatoka nzima. Chini yake: SAYANSI NA TEKNOLOJIA. Kijana wa Mjini, kalenda yangu iko hapa.

Nikaenda ukurasa wa ithibati. Upo. Una tarehe na jina la Kamishna, na umesema kabisa kwamba ni kwa muhtasari wa zamani. Yaani kitabu hakikudanganya. Kilipata ithibati yake halali enzi zake. Aliyedanganya ni stika.

Kikao kilikuwa jana. Nilimwendea mwalimu mkuu kwanza ofisini, sikutaka kumvua nguo mbele za watu. Nikaweka kitabu mezani, stika pembeni. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Mama, mimi nina watoto 118 na vitabu 29. Mtu akiniletea kitabu chenye rangi, unafikiri naanza kukwangua jalada?" Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.

Kwenye kikao alisema mwenyewe, bila kunitaja, kwamba kitabu ni cha mtaala uliopita na ajenda inaondolewa. Mwenyekiti akauliza je, sayansi si ni ileile, moyo wa mtu umehama? Watu wakacheka. Mwalimu wa Sayansi, ambaye siku zote huwa haongei, akasimama akaeleza kwamba kweli moyo uko palepale, ila mada zimepangwa upya, na mtoto atakayefuata kitabu kile atapoteza muda kwa yasiyo kwenye muhtasari wake. Nilijiuliza kwa nini yeye hakuulizwa tangu mwanzo.

Tumekubaliana mambo mawili. Kitabu chochote cha ziada kikija, kikae kwa mwalimu wa somo wiki moja kwanza, aandike nusu ukurasa, ndipo kije kwetu. Na mwalimu mkuu amwandikie afisa elimu kata kuhusu upungufu wa vile vya kiada, nakala kwa wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wa wilaya.

---

Mwl_Mstaafu61

Nusu ukurasa huo uwe na kumbukumbu ya tarehe na sahihi, ubandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Nyie mtaondoka kwenye kamati, faili litabaki.

Na vitabu vya kiada vya TET vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao. Simu moja ya mwalimu, watoto wa dawati la nyuma wanaona mchoro. Si dawa, ila ni bora kuliko kukunja shingo.

Msalimie mwalimu mkuu. Kiti chake nakijua.

---

Mama_Cherehani, Makambako

Salamu zimefika mwalimu. Amenipa vitabu 11 vya kiada vilivyolegea mgongo nivishone, kwa kuwa nilijitia kusema habari za uzi mbele za watu. Cherehani haipiti, nimejaribu, sindano mbili zimekatika. Natoboa kwa shazia nashona kwa mkono, mashimo matano kila kitabu. Vitano vimekwisha. Mwenye kujua uzi gani haukati karatasi aniambie, huu wa viatu unakula tundu.