Naomba ushauri: mama kaambiwa afanyiwe upasuaji wa pingili za kiuno

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61. Pingili ya 4 ya kiuno imeteleza mbele na kubana mishipa ya fahamu. Akitembea kidogo tu miguu inakufa ganzi mpaka akae au ainame. Dawa, sindano na mazoezi ya viungo kwa miezi 8 havijasaidia.

Daktari anataka kuondoa mfupa unaobana, kisha aunge pingili kwa skrubu, vyuma na kipandikizi cha mfupa. Kinachonitia hofu ni kwamba mfupa wenyewe huchukua miezi kuungana, na mama ana kisukari.

Aliyefanyiwa au kuuguza mtu wa hivi, ganzi iliisha? Kuna aliyeondolewa mfupa unaobana mishipa tu bila kuungwa pingili? Tunatakiwa kujibu wiki ijayo.